Sindano ya miezi sita si chanjo, na tofauti hiyo si ya maneno tu

Tangu Juni 18, 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipoidhinisha lenacapavir kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU kwa sindano mara mbili tu kwa mwaka, neno "chanjo" halikauki midomoni mwa watu. Limo kwenye vichwa vya habari, limo kwenye jumbe za sauti zinazorushwa kutoka kundi hadi kundi, na nimelisikia hata kwa watu wa afya wanaotaka kufupisha maelezo. Naelewa linakotoka. Mtu mzima asiyeumwa anadungwa sindano, anaambiwa rudi baada ya miezi sita, basi. Ukitazama kwa mbali, ni chanjo. Lakini chanjo huufundisha mwili kumtambua adui, na mwili ukishafundishwa hubaki na kumbukumbu. Lenacapavir haifundishi chochote. Ni akiba inayowekwa chini ya ngozi, inavuja kidogo kidogo kwenda kwenye damu, na ikiisha imeisha. Mwili unabaki kama ulivyokuwa kabla ya sindano ya kwanza.

Kosa hili la jina linaficha jambo kubwa zaidi, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Tumezoea kuiwaza kinga kama jeshi linalozunguka kwenye damu: chembe nyeupe zinazofukuza, kingamwili zinazokamata. Kumbe kwa retrovirusi, jamii ya virusi ambamo VVU vimo, kuna pambano linalotangulia. Linapiganwa ndani ya seli moja moja, huamuliwa kwa muda wa siku moja au mbili, na silaha zake zimefuliwa kwa mamilioni ya miaka. Lenacapavir imefaulu kwa sababu inapiga kwenye uwanja huohuo, tena palepale ambapo seli za wanyama wengi zilikwishagundua kwamba panauma. Asiyeujua uwanja huo hataelewa kwa nini dawa hii ina nguvu kiasi hiki, wala hataona mapema ni wapi inaweza kushindwa.

Kwamba ina nguvu, hapo hakuna ubishi. Katika jaribio la PURPOSE 1, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake na wasichana 2,134 walipewa sindano hiyo na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa wakati wa uchambuzi uliotangazwa 2024. Miongoni mwa 1,068 waliopewa vidonge vya kila siku vilivyozoeleka, 16 waliambukizwa. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na urahisi, kwani kidonge husahaulika. Sehemu nyingine inatokana na mahali dawa inapogonga.

Nilipokuwa mwanafunzi tulichora safari ya VVU kwa mishale. Kirusi kinagusa seli, utando wake unaungana na utando wa seli, ganda la ndani linayeyuka papo hapo, RNA, yaani maandishi ya kurithi ya kirusi, inanakiliwa kuwa DNA, DNA inaingia kwenye kiini na kujipachika katika jenomu, yaani maandishi yote ya kurithi ya seli. Nilipata alama zangu zote. Mchoro wenyewe ulikuwa na kosa pale katikati. Ganda hilo, ambalo wataalamu huliita kapsidi, haliyeyuki papo hapo. Ni kifuko chenye umbo la pia, kilichojengwa kwa nakala kama 1,500 za protini ileile moja, zikiwa zimejipanga kwa makundi ya sita sita kama sega la nyuki, pamoja na makundi 12 ya tano tano yanayolifanya sega lijikunje na kufunga. Ndani yake unakili wa RNA unaendelea kwa faragha, mbali na walinzi wa seli. Sasa tunajua kwamba linaweza kusafiri likiwa zima, au karibu zima, hadi kupenya tundu la kiini. Yaani kapsidi si karatasi ya kufungia zawadi, inayochanwa na kutupwa mlangoni. Ni chombo cha safari.

Nani alitangulia kuligundua hilo? Kwa maana fulani, ni panya. Tangu miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba baadhi ya koo za panya wa maabara haziugui virusi vya Friend, ambavyo huleta saratani ya damu, na kwamba siri iko kwenye jeni moja iliyopewa jina Fv1. Kirusi kilikuwa kinaingia kwenye seli bila shida, kisha kinakwama njiani kabla ya kujipachika. Na badiliko la herufi moja tu katika protini ya kapsidi lilitosha kukikomboa. Huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba kapsidi bado ina kazi baada ya kirusi kuingia, ingawa vitabu vilichelewa kuupokea. Jeni yenyewe ilipopatikana mwaka 1996, ikaonekana inafanana na jeni ya retrovirusi ya kale iliyobaki imefungiwa katika jenomu ya panya. Dawa ya moto ni moto: panya alichukua kipande cha adui wa zamani akakigeuza kuwa ngao dhidi ya adui mpya. Nasi tusiwacheke panya, maana takriban asilimia 8 ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya retrovirusi za namna hiyo.

Kisha, 2004, likaja jibu la fumbo lililowasumbua watafiti wa Ukimwi kwa muda mrefu: kwa nini VVU-1, aina kuu ya VVU, haviwezi kumwambukiza kima wa resusi? Kundi la Joseph Sodroski huko Boston lilikuta protini iitwayo TRIM5α. Protini hii huelea ndani ya seli, na ikikutana na kapsidi inayoitambua hujipanga juu yake kama wavu wa pembe sita, ukilingana na sega lenyewe. Ganda linavurugika kabla ya wakati, kazi ya kunakili inaharibika. Binadamu naye anayo TRIM5α, ila yake inavibana VVU-1 kwa udhaifu sana. Tofauti kubwa ni ipi? Ukibadilisha asidi amino moja tu (asidi amino ndizo tofali za kujengea protini), ile ya nafasi ya 332, TRIM5α ya binadamu inaanza kuvizuia VVU-1 kwenye maabara. Moja tu. Kila ninapoirudia habari hii hunipa kizunguzungu kidogo, nikifikiri janga la watu mamilioni liko upande gani wa herufi moja.

Kapsidi ni kituo kimoja tu. Kuna protini nyingine, APOBEC3G, ambayo kundi la Michael Malim liliitambua mwaka 2002, na ujanja wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Haikingi seli iliyomo. Seli hiyo imekwisha kutekwa na inatengeneza virusi vipya. APOBEC3G inachofanya ni kujipakia ndani ya virusi hivyo vinapofungashwa, kama abiria asiyekata tiketi. Virusi vikifika kwenye seli ya pili na kuanza kunakili RNA kuwa DNA, abiria huyo anaamka na kuchezea maandishi: kila anapofikia herufi C anaweza kuigeuza kuwa U. Nakala inayotoka imejaa makosa mpaka haisomeki. VVU vina jibu, nalo ni protini iitwayo Vif, ambayo haiui APOBEC3G yenyewe. Huibandika alama ya takataka, kisha mtambo wa seli wa kusaga protini chakavu unaimaliza. Mwenye nyumba anapigwa kwa fimbo yake mwenyewe.

Tetherini, protini nyingine ya ulinzi, hufanya kazi mwishoni mwa safari, pale virusi vipya vinapochipuka kwenye utando. Ni kamba hasa: upande mmoja umeshika seli, upande mwingine umeshika kirusi. Kwenye picha za darubini ya elektroni unaviona virusi vimening'inia nje ya seli kwa mafungu, vimekamilika kabisa lakini haviendi popote. Virusi vya sokwe, ambamo VVU-1 vilitoka, vilikuwa vikiikata kamba hiyo kwa protini ya Nef. Lakini tetherini ya binadamu imepoteza asidi amino 5 palepale Nef ilipokuwa ikishika, kwa hiyo virusi vilipovuka kuja kwetu vilikuta kisu chao hakikati. Kundi M, moja ya makundi ya VVU-1, ambalo asili yake imefuatiliwa hadi kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun, lilifaulu kuifundisha protini nyingine, Vpu, kazi hiyo. Kundi hilo ndilo lililoienea dunia. Sisemi kamba peke yake iliamua nani aenee na nani abaki, maana miji, njia za usafiri na historia vilikuwa na sehemu yao. Ila ni vigumu kuliona jambo hilo kuwa sadfa tupu.

Protini ya SAMHD1, iliyotambuliwa 2011, ni ya wale wanaosema adui mwombee njaa: huteketeza malighafi za kujengea DNA katika seli ambazo hazigawanyiki, kirusi kikakosa cha kunakilia. MX2 huishika kapsidi karibu na kiini. SERINC5 hujipenyeza kwenye utando wa kirusi na kukipunguzia uwezo wa kuambukiza. Orodha ni ndefu, na bado inaongezwa.

Sasa kuna wanaoniuliza, tena kwa haki: kama ngome zote hizo zipo, mbona watu takriban milioni 40 duniani wanaishi na VVU? Kwa hoja yao, kinga za ndani ya seli ni historia nzuri ya kusimulia, lakini zilikwisha kushindwa. Lenacapavir ni kazi ya wanakemia waliochuja na kurekebisha molekuli kwa miaka mingi, haikunakiliwa kutoka kwa kima yeyote. Sehemu ya pili ya hoja hii naikubali. Dawa hii si TRIM5α iliyotiwa kwenye bomba la sindano. Haijipangi kama wavu. Inajichomeka kwenye kishimo kilicho kati ya protini mbili jirani za kapsidi na kulikaza ganda kupita kiasi, hadi likose unyumbufu wa kujifunga na kusafiri ipasavyo. Huvuruga pia ujenzi wa maganda mapya. Kufananisha kuna mipaka yake.

Sehemu ya kwanza ndiyo inayonishinda kuikubali. VVU vina jeni 9 tu, katika maandishi ya herufi zisizofika 10,000. Kwa kiumbe kinachobana matumizi namna hiyo, kila jeni ni mzigo. Hata hivyo jeni 4 kati ya hizo, vif, vpr, vpu na nef, si za kujenga kirusi. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kubomoa au kukwepa ulinzi wa seli. Mwizi hatembei na mfuko mzito wa funguo bandia katika mtaa usio na makufuli. Ukiziondoa funguo hizo, mara nyingi kirusi hakifiki mbali: VVU visivyo na Vif vikitoka kwenye seli zenye APOBEC3G, havina maisha. Kusema ulinzi huu umeshindwa ni kama kumtazama bondia aliyeshinda kwa pointi, uso umevimba, ukasema mpinzani wake hakurusha ngumi. Na kishimo ambacho lenacapavir inajichomeka hakikuwepo kwa ajili yake. Ndipo kirusi kinaposhikana na protini za seli, CPSF6 na NUP153, ili kuongozwa kupita tundu la kiini. Kapsidi inalazimika kuwa rafiki kwa hizi, isionekane na TRIM5α, na wakati huohuo ijifunge na kufunguka kwa saa yake. Protini yenye mabwana wengi namna hiyo haina nafasi kubwa ya kubadilika. Dawa iligonga mahali ambapo kirusi kimefungwa na ahadi zake.

Upande wa pili wako wenye shauku wanaosema basi tuirekebishe jeni yetu ya TRIM5, tubadilishe ile nafasi ya 332, kazi iishe. Wazo si la kipuuzi, na maabara zimekwisha kulijaribu kwenye seli. Lakini kuibadilisha jeni ndani ya chembe za mtu, kwa idadi inayotosha, bila kugusa pasipohusika, ni safari nyingine kabisa. Tena historia inatutahadharisha kwamba kapsidi nayo hujifunza. Kimaumbile jaribio kama hilo lilikwisha kufanyika: katika kima mmoja wa usiku wa Amerika Kusini, kipande cha jeni ya saiklofilini A, protini nyingine ya seli, kilirukia ndani ya jeni ya TRIM5 na kuzaa protini mseto inayovizuia VVU-1. Ilichukua ajali ya jenomu na vizazi visivyohesabika. Sisi tuna mgonjwa anayesubiri.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo yenye wasikilizaji wengi: kwamba kinga ikiwa kali, kirusi hakipati nafasi, kwa hiyo suluhisho ni "kuongeza kinga" kwa unga huu au matone yale. Hapa lazima tuwe wakali. Kwanza, VVU huishi katika seli za kinga zenyewe, na hustawi zaidi katika zile zilizoamshwa. Kuipigia kinga tarumbeta bila mpango ni kumtandikia kirusi mkeka. Pili, ulinzi wa seli ukivuka mpaka huwa ugonjwa: watoto wanaozaliwa na SAMHD1 yenye hitilafu hupata ugonjwa wa Aicardi-Goutières, ambamo king'ora cha interferoni, protini ambayo seli huitoa kutangaza hatari, hulia bila kunyamaza na kuumiza ubongo. Tatu, jambo hili limejaribiwa. Katika utafiti uliochapishwa 2014, kima waliopewa interferoni walikingwa mwanzoni dhidi ya virusi vya kima vinavyofanana na VVU. Interferoni ilipoendelezwa, miili yao ikaizoea, ulinzi ukalegea, na hali yao ikawa mbaya kuliko ya wale ambao hawakupewa. Na yupo mangabe wa Afrika Magharibi, kima ambaye VVU-2, aina ya pili ya VVU, vilitoka kwa jamii yake: anabeba virusi vingi kwenye damu na kwa kawaida haugui. Siri yake si ukali. Baada ya siku za mwanzo za maambukizi, kinga yake hutulia. Anayeuza ukali wa kinga kama dawa ya Ukimwi hajamwona mangabe.

Hili linabadilisha mambo ya kufanya, si ya kufikiri tu. Mwenye kuamini amepata chanjo ataona kukosa sindano ya pili si neno, kwa sababu "mwili umeshazoea". Ukweli ni kinyume chake. Lenacapavir hukaa mwilini muda mrefu, na mtu akiacha bila kinga nyingine, kiwango chake hushuka polepole kwa miezi mingi. Katika kipindi hicho dawa ipo, lakini haitoshi. Kirusi kikiingia wakati huo hakiuawi, kinafundwa kuikwepa dawa. Ndiyo maana kupima VVU kabla ya kila sindano si urasimu. Mtu aliyeambukizwa tayari akidungwa dawa moja peke yake, ni kuvipa virusi vyake somo la bure. Na kwa kuwa lenacapavir hutumika pia kutibu watu ambao dawa nyingine zimeshindwa, usugu ukienea upande wa kinga utawafikia walio upande wa tiba.

Usugu huo una sura inayojulikana. Katika jaribio la pili, PURPOSE 2, watu 2 kati ya 2,179 waliopewa sindano waliambukizwa, na virusi vyao vilikutwa na badiliko lilelile katika nafasi ya 74 ya protini ya kapsidi. Nafasi hiyo imo katika kishimo nilichokitaja. Kirusi kikibadilika hapo kinaponyoka dawa, lakini papo hapo kinapoteza mshiko wake kwa CPSF6, yule mwongozaji wa njia ya kiini. Mwaka 2013, muda mrefu kabla ya sindano hii, watafiti walikuwa wamekwisha kuonyesha yanayokipata kirusi cha namna hiyo ndani ya makrofaji za binadamu, aina ya seli za kinga, kwenye maabara: ganda lake halikifichi tena vizuri, walinzi wa seli wanaihisi DNA yake, na king'ora cha interferoni kinaanza kulia. Kwa hao wawili king'ora hakikutosha. Nani atakuwa akisikiliza, mamilioni ya watu watakapokuwa wamedungwa?